Mswaki, dripu na bili ya ICU

Jamaa wa mgonjwa aliyeingizwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, huulizwa maswali mawili kabla jua halijatua: mna bima gani, na malipo ya awali yanatoka wapi. Wao wenyewe huuliza moja: atapona? Swali ambalo mtu hakosi kuliuliza hata akinunua friji, yaani kati ya haya ninayolipia kipi kinafanya kazi, halipati nafasi. Wakati huo kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina ameteuliwa, namba ya M-Pesa inazunguka, na michango inaingia ikitoka bila mtu kujua imenunua nini.

Jibu lipo, tena limeandikwa. Kwa robo karne sasa watafiti wa tiba ya wagonjwa mahututi wamekuwa wakichukua aina mbili za matibabu, ya bei na ya bure, au ya kisasa na ya kizamani, wakawagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kisha wakahesabu waliotoka hai. Hesabu hizo zimeumbua mengi. Vitu vya gharama kubwa vimeshindwa mara kwa mara kuvipita vya gharama ndogo, na vingine vimeua. Vilivyofaulu, kwa sehemu kubwa, ni dawa za bei ya chini na mikono ya manesi wanaofanya jambo lile lile sawasawa kila siku. Mwenye kulipa bili akilijua hilo, hatamfundisha daktari kazi yake, ila maswali atakayouliza yatabadilika.

Tuanze na bei ya kitanda. Mwaka 2021 wachumi wa afya wa Kenya walichapisha hesabu ya kumtunza mgonjwa wa Uviko kwa siku moja. Mgonjwa aliyezidiwa, akiwa wodi ya kawaida, aligharimu takriban shilingi 13,000 za Kenya. Aliye ICU aligharimu takriban 59,000, yaani mara nne na nusu. Hizo ni gharama za kumtunza, si bei anayotozwa mteja. Hospitali binafsi huweka faida yake juu, na hospitali ya umma sehemu ya mzigo hubebwa na serikali. SHA, bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ilitangaza kiwango cha shilingi 28,000 kwa siku ya ICU. Hata bila kuongeza mfumuko wa bei tangu 2021, pengo ni shilingi 31,000 kila siku, na pengo halibaki wazi. Lazima mtu alizibe. Kwa hiyo ukifika kwa mhasibu, usiridhike na jibu kwamba bima inakubaliwa. Uliza kiwango cha siku kinafunika nini: kitanda peke yake, au pia mashine ya kupumulia, dawa, vipimo vya damu na picha? Uliza siku zina kikomo? Uliza pia daktari bingwa anayepita asubuhi analipwa ndani ya bili hiyo au analeta yake kando. Bili ya pili ya daktari ndiyo inayowashtua watu wengi, kwa sababu huja wakati wamekwisha kushusha pumzi.

Na hicho kitanda hakipatikani popote. Hesabu iliyofanywa Uviko ulipoingia Kenya, mwaka 2020, ilikuta vitanda 537 vya ICU na mashine 256 za kupumulia nchi nzima, na kaunti 22 tu kati ya 47 zilizokuwa na angalau ICU moja. Vimeongezeka tangu hapo, lakini kuongezeka kwa vitanda na kuongezeka kwa huduma si jambo moja, na hapo ndipo mnunuzi hudanganyika kirahisi. Anaona mashine. Haoni orodha ya zamu.

Kuna majaribio mawili ambayo ningependa kila anayechagua hospitali ayajue. La kwanza lilifanyika Dhaka, Bangladesh. Watoto wenye nimonia kali na upungufu wa oksijeni waliwekewa kifaa rahisi cha kusukuma hewa mapafuni, ambacho mrija wake wa kutolea pumzi huzamishwa ndani ya chupa ya maji na kutoa mapovu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: waliokuwa kwenye kifaa hicho walikufa asilimia 4, na waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani asilimia 15. Kila mtu alifurahi. La pili lilifanyika hospitali ya wilaya ya Salima, Malawi, likachapishwa mwaka 2019. Teknolojia ni ile ile ya mapovu, watoto wana nimonia kali, baadhi yao wakiwa pia na utapiamlo au wamezaliwa na mama wenye virusi vya Ukimwi. Safari hii kwenye kifaa walikufa asilimia 17, na kwenye oksijeni ya kawaida asilimia 11. Watoto wa Salima walikuwa wagonjwa wa aina nyingine, ni kweli, lakini wodi yao pia haikuwa na daktari anayeisimamia kila siku, na watafiti wenyewe walilitaja hilo. Mimi nasoma hivi: mashine bila macho ya mtu ni hatari iliyochomekwa kwenye umeme.

Ndiyo maana nikilazimika kuchagua kati ya ICU mbili, sitauliza kwanza ina mashine ngapi. Nitauliza usiku, saa nane, nesi mmoja anaangalia wagonjwa wangapi. Mmoja au wawili ni ICU. Watano au sita ni wodi yenye bei ya ICU, na hapo shilingi 59,000 zako zinanunua skrini. Nitauliza pia kama daktari analala hospitalini au anapigiwa simu nyumbani.

Upo upande wa pili wa jambo hili, na kwa wengi wetu ndio muhimu zaidi. Wagonjwa mahututi wengi hawamo ICU. Utafiti mkubwa uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2025 uliwakagua karibu wagonjwa 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi, na takriban asilimia 69 ya hao mahututi walikuwa wamelazwa wodi za kawaida. Ndani ya siku saba, mmoja kati ya kila watano wa hao mahututi alikuwa amekufa. Walioshindwa kupumua vizuri, waliokuwa wakipewa oksijeni hawakufika hata nusu. Waliopoteza fahamu, zaidi ya nusu hawakuwa wamelindwa njia ya hewa, hata kwa kugeuzwa ubavu. Kumgeuza mtu ubavu hakuna bei. Kikundi cha wataalamu wa nchi nyingi, Watanzania wakiwamo, kilikubaliana mwaka 2021 juu ya hatua 40 za msingi ambazo kila hospitali inapaswa kumfanyia mgonjwa mahututi popote alipolala: kupima mapigo, pumzi na oksijeni, kufungua njia ya hewa, kutoa oksijeni, kuweka dripu, kumkinga na baridi. Kwa hiyo familia isiyo na uwezo wa ICU haiko mbele ya chaguo la yote au bure. Wodi ambayo nesi wake anapima oksijeni kila baada ya saa chache na ambayo mtungi wake una gesi, inaweza kuwa na thamani kuliko safari ya saa tano ndani ya ambulensi kutafuta kitanda cha ICU ambacho mkifika kimeshachukuliwa.

Sasa tufungue bili yenyewe. Karibu kila ukurasa wa kwanza unaanza na dripu, na dripu zina ngazi za bei. Chini kabisa ni maji ya chumvi, salaini. Jirani yake ni maji ya aina ya Ringer, ambayo madini yake yanakaribiana na ya damu. Juu kabisa ni albumini, protini inayochujwa kutoka kwenye damu ya wachangiaji, na chupa moja huweza kuzidi bei ya katoni nzima ya salaini. Waaustralia na watu wa New Zealand waliyapambanisha maji hayo kwa karibu wagonjwa 7,000 wa ICU, wakatoa majibu mwaka 2004. Waliopewa albumini walikufa 726 ndani ya siku 28. Waliopewa salaini walikufa 729. Ukiona albumini kwenye bili, basi, huna sababu ya kugombana, kwa kuwa zipo hali chache, hasa za ini, ambazo ina kazi yake. Lakini unayo sababu ya kuuliza ni kwa ajili ya nini. Kati ya salaini na maji ya aina ya Ringer, majaribio makubwa ya Brazili mwaka 2021 na ya Australia na New Zealand mwaka 2022 hayakuona tofauti ya vifo inayoeleweka. Mwachie daktari achague. Bei zake hazitakufilisi.

Bidhaa iliyokuwa katikati ya ngazi hiyo ni maji ya wanga. Yaliuzwa kwa miaka mingi kama maji yanayokaa ndani ya mshipa kwa muda mrefu kuliko salaini, kwa hiyo yana thamani ya bei yake. Mwaka 2012 watafiti wa nchi za Skandinavia walitangaza kwamba kati ya wagonjwa wenye maambukizi makali ya damu, waliopewa wanga walikufa asilimia 51 ndani ya siku 90, na waliopewa maji ya aina ya Ringer asilimia 43. Figo nazo ziliharibika zaidi. Umoja wa Ulaya ukasimamisha leseni zake mwaka 2022. Miaka kumi kati ya ushahidi na uamuzi, na wagonjwa wakilipia.

Lakini jaribio lililoitikisa dunia ya dripu lilizaliwa kwetu. Liliongozwa kutoka Kilifi na mtafiti Kathryn Maitland, likawahusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na damu isiyofika vizuri mikononi na miguuni. Vitabu vyote vilisema mtoto wa namna hiyo afunguliwe maji mengi haraka. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba waliofunguliwa maji mengi walikufa kati ya asilimia 10 na 11 ndani ya saa 48, na waliopewa maji polepole asilimia 7.3. Watoto wenye kuhara na kukaukiwa maji hawakuwamo, na hao bado wanahitaji maji bila mjadala. Mwaka 2017 likafuata jaribio la Lusaka kwa watu wazima wenye maambukizi makali ya damu, wengi wakiwa na virusi vya Ukimwi: waliofuata utaratibu wa maji mengi na dawa za kupandisha presha walikufa asilimia 48, na waliotibiwa kwa kawaida asilimia 33. Somo lake kwa jamaa wa mgonjwa ni dogo na lina faida. Chupa nyingi zilizoning'inia si dalili ya bidii. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba mgonjwa wao kaachwa na chupa moja tangu asubuhi. Pengine ndiyo dawa yake.

Upande wa dawa, mfalme wa bei nafuu ni deksamethasoni. Ni dawa ya miaka mingi, inapatikana hata duka la dawa la mtaani. Juni 2020 Waingereza walitangaza kwamba miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi kumi, zilishusha vifo vya wagonjwa wa Uviko waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia kutoka asilimia 41 hadi 29. Kozi nzima Uingereza iligharimu kama pauni 5. Wakati huo huo, wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni hawakufaidika, kwa hiyo wale waliokimbilia kuinunua wakiwa na mafua tu nyumbani walitupa fedha na kujitafutia madhara. Ndugu yake, haidrokotisoni, ilipimwa Ufaransa kwa wagonjwa karibu 800 wenye nimonia kali isiyo ya Uviko. Majibu yalitoka mwaka 2023: vifo asilimia 6.2 kwa waliopewa, asilimia 11.9 kwa wasiopewa. Hapa swali la kumuuliza daktari ni fupi: nimonia yake imefika kiwango cha kupewa dawa hii?

Vitamini C ni kinyume chake. Huuzwa kwenye dripu kama kitu kisichoweza kudhuru, na jamaa wengine huinunua nje na kuileta wakiomba ichanganywe. Jaribio la mwaka 2022 lililohusisha wagonjwa 872 wa ICU wenye maambukizi makali lilipima vitamini C ya dozi kubwa mshipani. Waliopewa, asilimia 44.5 walikufa au viungo vyao vikaendelea kushindwa hadi siku ya 28. Wasiopewa, asilimia 38.5. Ukiikuta kwenye bili kwa dozi kubwa, una haki ya kuuliza inatafuta nini.

Antibiotiki ndizo zinazokula fedha kimyakimya, hasa zile za kundi la juu zinazochomwa mara tatu kwa siku. Kwa muda mrefu mgonjwa mwenye bakteria kwenye damu alikuwa akipewa wiki mbili. Novemba 2024 yakatoka majibu ya jaribio la wagonjwa 3,608 katika hospitali 74 za nchi saba, zaidi ya nusu yao wakiwa ICU. Waliotibiwa siku 7 walikufa asilimia 14.5 ndani ya siku 90. Waliotibiwa siku 14, asilimia 16.1. Siku saba hazikuwa na ubaya wowote zaidi. Bakteria wa aina ya stafilokoka wa manjano hawakuhesabiwa humo, wala maambukizi ya moyoni na kwenye mifupa, na hao kozi yao ni ndefu. Lakini kwa wengi waliobaki, nusu ya bili ya antibiotiki inaweza kufutika, na figo na utumbo vikapumzika pia. Swali lake: tarehe ya mwisho ya dawa hii ni ipi? Kama hakuna tarehe, iombwe.

Kuhusu mashine ya kupumulia yenyewe, ajabu ni kwamba hatua kubwa zaidi ilitokana na kupunguza kipimo cha hewa. Zamani mapafu yalijazwa hewa kwa kipimo kikubwa ili vipimo vya damu vipendeze. Marekani, mwaka 2000, wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojeruhiwa waligawanywa: wengine mililita 12 za hewa kwa kila kilo, wengine 6, kilo zikikadiriwa kwa kimo. Vifo vikashuka kutoka asilimia 39.8 hadi 31. Haikuongezwa dawa wala chombo. Kisha Wafaransa, mwaka 2013, wakaonyesha kwamba mgonjwa wa hali mbaya zaidi akilazwa kifudifudi angalau saa 16 mfululizo, vifo hushuka kutoka asilimia 32.8 hadi 16. Tazama kazi yenyewe inavyofanyika: mmoja kichwani ameshika mrija wa pumzi asiuachie, wawili kila upande wameshika shuka, mtu anahesabu moja, mbili, tatu, mgonjwa anageuka kama kipande kimoja, kisha mito inawekwa chini ya kifua na nyonga, uso unaelekezwa upande, macho yanafungwa yasikauke. Watu watano, dakika kadhaa, na baada ya saa 16 warudi tena. Hospitali yenye mashine mpya na nesi wawili tu wa zamu haiwezi kukuuzia hilo.

Oksijeni nayo hutozwa kwa lita au kwa saa, kwa hiyo inafaa kujua kiasi gani kinatosha. Jaribio la Uingereza la mwaka 2025, wagonjwa 16,500 wa mashine, lililinganisha kulenga kiwango cha asilimia 90 na utaratibu wa kawaida unaoruhusu zaidi. Vifo vilikuwa 35.4 kwa 34.9 kwa mia, yaani hakuna tofauti. Namba 99 kwenye skrini haimponyi mtu kuliko 93. Ila hapa nina tahadhari ambayo wasomaji weusi hawapaswi kuipita: mwaka 2020 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni huwadanganya madaktari zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Mara ambazo kifaa kilisema oksijeni inatosha huku damu yenyewe ikisema haitoshi zilikuwa asilimia 11.7 kwa Wamarekani weusi na 3.6 kwa weupe. Kwa hiyo 90 ya London si lazima iwe 90 ya Mombasa. Kipimo cha damu ya ateri, ambacho hutozwa peke yake kwenye bili, mara nyingine ni fedha iliyotumika vizuri.

Kitu kinachoamua ukubwa wa bili kuliko vyote ni idadi ya siku. Chicago, mwaka 2000, madaktari walifanya jambo dogo: kila siku walisimamisha dawa za usingizi hadi mgonjwa azinduke. Muda wa mashine ulishuka kutoka siku 7.3 hadi 4.9, na wa ICU kutoka 9.9 hadi 6.4. Zidisha siku tatu na nusu kwa 59,000: zaidi ya shilingi laki mbili, kwa kuzima pampu ya dawa ambayo nayo ilikuwa ikitozwa. Utafiti mwingine wa Marekani, mwaka 2009, uliongeza mazoezi mapema: mgonjwa akiwa bado na mrija mdomoni anakalishwa pembeni mwa kitanda, anasimamishwa, anatembezwa. Waliorudi kujihudumia wenyewe kabla ya kutoka hospitalini walikuwa asilimia 59, wengine 35. Jamaa wanaoingia na kumkuta mgonjwa amelala fofofo siku ya nne hufarijika, wanadhani anapumzika. Ningependa wawe na wasiwasi kidogo na waulize: leo mmejaribu kumwamsha? Kama kuna sababu ya kutomwamsha, na wakati mwingine ipo, nesi ataitaja bila kufikiri.

Kinachoongeza siku ni maambukizi yanayopatikana humo humo ndani. Mfano unaotajwa kila mahali ni wa Michigan, ambako ICU zaidi ya 100 zilifuata orodha fupi kila mrija unapoingizwa kwenye mshipa mkubwa: osha mikono, jifunike gauni na barakoa na mgonjwa afunikwe mwili mzima, safisha ngozi kwa klorheksidini, epuka kinena, ondoa mrija usiohitajika. Ripoti ya mwaka 2006 ilisema maambukizi ya mirija yalishuka kwa hadi asilimia 66. Nesi alipewa mamlaka ya kumzuia daktari anayeruka hatua, na nadhani hapo ndipo siri ilipo. Sabuni walikuwa nayo siku zote.

Halafu mswaki. Mwisho wa mwaka 2023 watafiti Selina Ehrenzeller na Michael Klompas walikusanya majaribio 15 ya kupiga mswaki wagonjwa wa hospitali. Waliopigwa mswaki walipata nimonia ya hospitalini kwa theluthi moja pungufu, na wa ICU walikufa pungufu pia, faida kubwa ikionekana kwa wale wa mashine. Bakteria wanaotua mapafuni wengi huanzia kinywani, na mrija wa pumzi huwa ngazi yao ya kushukia. Mswaki laini dukani ni bei ya chai ya mkahawani. Wapelekee, uandike jina la mgonjwa, kisha muulize nesi kama utatumika mara mbili kwa siku. Usiupige wewe mwenyewe mgonjwa akiwa na mrija, maana kuusogeza sentimita chache ni balaa. Wakiupokea kwa mshangao, umejifunza jambo kuhusu ICU hiyo ambalo tangazo lake halikukuambia.

Saa za kuona wagonjwa hazina bei kwenye bili, ila zina gharama kwa familia: nauli, kazi iliyoachwa, chumba cha kulala karibu na hospitali. Brazili ilipima jambo hili kwenye ICU 36, na majibu yakachapishwa mwaka 2019. Familia zilizoruhusiwa hadi saa 12 kwa siku zililinganishwa na zilizobanwa. Waliotarajia kwamba kukaa na ndugu kutazuia mgonjwa kuweweseka hawakuupata ushahidi. Ilikuwa asilimia 18.9 kwa 20.1, tofauti ndogo isiyo na uzito. Lakini jamaa wenyewe walitoka na hofu na huzuni pungufu, na maambukizi hayakuongezeka. Kwa hiyo hospitali inayofungua mlango nusu saa mchana na nusu saa jioni kwa kisingizio cha vijidudu haina hoja nzuri. Inayoweza kuwa nayo ni uhaba wa nafasi na wa watu, na ni heri iseme hivyo.

Linabaki jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza penye mgonjwa, nalo ni hadi lini. Hospitali tatu za umma za Los Angeles ziliwafundisha madaktari wao kukaa na familia mapema na kukubaliana muda: tutatibu kwa nguvu zote kwa siku kadhaa, tutaangalia dalili hizi na hizi, kisha tutakutana tena tarehe fulani. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Siku za ICU zilishuka kutoka 8.7 hadi 7.4, taratibu za kutoboa na kukata zilipungua, na waliokufa walikuwa 58 kwa mia kabla na 58 kwa mia baada. Hakuna aliyepoteza maisha kwa sababu ya mazungumzo. Kwetu kikao cha namna hiyo mara nyingi hufanyika bila daktari, sebuleni, shangazi mmoja akisema ndugu yetu hatutamtoa na kijana aliyekopa akikaa kimya. Ombeni kifanyike hospitalini, ndani ya siku tatu za kwanza, na yule anayejua fedha zilizobaki awepo, aseme kiasi chake waziwazi.

Katika kikao hicho hicho ulizeni atahamishwa lini kwenda HDU, wodi ya uangalizi wa karibu, au wodi ya kawaida. Familia nyingi hugoma zikisikia neno kuhamishwa, zikidhani mgonjwa anatupwa kwa kuwa fedha zimeisha. Wengine hulipa siku mbili tatu za ziada za ICU kwa hofu hiyo. Mgonjwa anayepumua mwenyewe, asiyehitaji dawa ya kupandisha presha na anayejua yuko wapi, ICU haimpi kitu zaidi ya kelele za mashine za jirani na bakteria wake. Badala ya kugoma, nendeni mkaione hiyo wodi kabla hajahamishwa, ikiwezekana baada ya chakula cha jioni. Angalieni kama kitanda chake kiko karibu na meza ya manesi, kama oksijeni ni ya ukutani au ya mtungi na nani hubadilisha mtungi usiku, na kama kile kifaa cha kidoleni kipo wodini au huazimwa wodi ya pili.